Rilei Mbili Chini ya Tangi

Juma lililopita soketi ya friji iliungua jikoni kwangu. Haikuwa balaa kubwa. Nilizima swichi kuu, nikafungua dirisha, nikampigia fundi. Lakini ile harufu ya plastiki ya waya ulioshika moto, tamu kidogo mwanzoni, halafu chungu, halafu inakwama kooni kama kidonge kilichokataa kushuka, ilinifanya nishike meza kwa mikono miwili. Binti yangu aliniuliza, "Mum, kwani unaanguka?" Sikuwa jikoni tena. Nilikuwa nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa West Indies, kule Eldoret, nimevaa sweta ya shule iliyotoboka viwiko, namtazama mama yangu akishika moto kwa kiganja.

Baba aliinunua pikipiki ile ikiwa tayari imezeeka. Ilikuwa imetumiwa na maafisa wa mifugo waliokuwa wakizunguka vijijini, ndefu, nzito, tangi lake jeupe limegeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Wazazi wangu walikuwa na duka dogo la dawa za mifugo mjini, na kazi ya Baba ilikuwa kuwapelekea wafugaji wa upande wa Moiben dawa na chanjo. Chanjo haingoji mtu, lazima ifike ikiwa bado baridi. Wafugaji nao hupatikana jioni, ng'ombe wakirudi kukamuliwa. Kwa hiyo Baba aliondoka jua likianza kulegea na kurudi giza likiingia, na taa ya pikipiki ile, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa koroboi iliyoishiwa na mafuta.

Jioni moja hakurudi. Trela ya trekta iliyojaa magunia ya mahindi ilikuwa imeharibika ikaachwa katikati ya barabara, bila hata lile tawi la majani ambalo watu huweka nyuma ili kuonya wengine. Baba aliiona akiwa ameshaifikia. Alirudishwa kwetu baada ya siku nyingi za hospitali, mguu wa kulia umefungwa plasta kutoka kidole hadi pajani, uso umekonda hata masikio yakaonekana makubwa. Pikipiki ilikuwa imemtangulia kufika, imelazwa nyuma ya pikapu. Usukani ulikuwa umepinda na keria ya nyuma imekatika, lakini taa ya mbele haikuwa na hata ufa. Hicho ndicho kilichonitisha. Mtu amevunjika, na lile jicho la kioo linatazama tu.

Kukhu, mama yake Baba, alikuja kutoka Bungoma kutusaidia. Aliizunguka pikipiki pale nyuma ya nyumba, mikono imefungwa kifuani, kisha akatema mate pembeni.

"Hiyo kitu imeonja damu," alisema. "Na kitu ikionja damu haishibi mara moja."

Wakubwa husema maneno kama hayo wakipita, kisha wanaendelea kuchambua mboga. Mtoto hubaki nayo. Choo chetu kilikuwa mwisho wa uwanja, na ili ufike lazima upite karibu na ile taa. Nilijifunza kubana mkojo hadi Kukhu atoke, nimfuate nimeshika leso yake, macho nimeyafumba.

Kisha Mama akasema yeye ndiye atakayeenda Moiben. Alikuwa amefundishwa kuendesha pikipiki na kaka yake kabla hajaolewa, jambo ambalo Kukhu aliliona kama kasoro iliyofichwa wakati wa posa. Usukani ulinyooshwa kwa fundi, pikipiki ikarudi nyumbani. Walibishana na Baba sebuleni nami nikiwa chini ya meza, mahali nilipokuwa nikiishi siku hizo.

"Hautapanda hiyo pikipiki na ile taa," Baba alisema.

"Basi tutengeneze taa."

"Mama Nekesa, nisikie..."

"Nimekusikia, Baba Nekesa. Wafugaji nao wamesikia tumefunga. Mwezi ukiisha hivi watakuwa wamezoea duka lingine. Niambie taa inatengenezwa aje."

Mguu wa Baba ulikuwa umelazwa juu ya kreti ya soda. Alipoanza kusema tena sauti ilikuwa nyingine, sauti ya mtu aliyepewa kazi.

"Shida si balbu. Stima inatoka kwa betri, inapanda mpaka swichi ya ufunguo, inazunguka mpaka swichi ya mkono, ndio ishuke kwa taa. Waya ni nyembamba na imezeeka. Stima inachoka njiani. Ikifika kwa balbu imebaki nusu."

"Tukiweka waya nono?"

"Utaunguza swichi. Tutaweka rilei. Waya ya zamani ibaki ya kutoa amri tu. Rilei ikipata amri, inapokeza stima moja kwa moja kutoka kwa betri, kwa waya nono. Tutaweka mbili, moja ya ful ya kumulika mbali, moja ya dim ya kumulika karibu."

Rilei. Neno hilo nililijua vizuri sana. Kama ulisoma shule ya msingi Eldoret huna haja ya kuelezwa. Sisi tulipangwa rilei, mbio za kupokezana kijiti, kabla hatujajua kuandika insha. Wanne kwa wanne, kijiti mkononi, na mwalimu akipiga kelele kwamba anayekimbia akianguka, kijiti kiokotwe, mbio haziachwi. Nikiwa chini ya ile meza nilijaribu kufikiria kijiti ni kipi, na anayekimbia ni nani.

Jibu nililipata Mama alipokuja na zile rilei zenyewe. Zilikuwa vijisanduku vyeusi vidogo, kila kimoja na miguu minne ya chuma, na kando ya kila mguu palikuwa na namba. Waliketi nyuma ya nyumba, Baba kwenye kiti na mguu wake kwenye kreti, Mama amechuchumaa kando ya pikipiki iliyovuliwa tangi.

"Thelathini ni ya kutoka kwa betri," Baba alimsomea. "Themanini na saba inaenda kwa taa. Themanini na sita ndio ya amri. Themanini na tano, funga kwa chuma ya bodi."

Mimi nilikuwa nimeona namba kama hizo. Wakimbiaji walizibandika vifuani siku za mashindano. Miguu minne, wakimbiaji wanne. Nyumbani tulikuwa wanne. Baba alikuwa amekimbia wa kwanza, akaanguka. Ndipo nilipomwona akinyoosha mkono, akampa Mama koleo, akasema kwa upole, "Haya. Sasa ni zamu yako."

Ilikuwa imepangwa, basi. Walikuwa wanajua. Ile pikipiki ilikuwa inatuchukua mmoja baada ya mwingine, na baba yangu mwenyewe alikuwa akikabidhi. Baada ya Mama angefuata Kukhu, lakini Kukhu alikuwa na magoti mabaya, hangeweza kukimbia hata akifukuzwa na nyuki. Kwa hiyo baada ya Mama ni mimi. Sikumwambia mtu yeyote. Nilikuwa na imani ambayo nadhani wengi wetu tulikuwa nayo, kwamba jambo baya likikaa kimya linaweza kusahau njia, lakini ukilitaja umeliita.

Walimaliza jioni. Tangi lilirudishwa, limejaa petroli. Kulikuwa na fyuzi moja iliyokosekana, ya ule waya mnono mpya, kwa kuwa duka la vipuri lilikuwa limefungwa. Baba, ambaye siku zote alinionya nisiguse hata kiberiti, alisema, "Tujaribu mara moja tu, tuone."

Mama alibonyeza swichi. Chini ya tangi kitu kikasema *tik*, sauti ndogo kama ya ulimi, na uwanja mzima ukawa mweupe. Niliona kila tofali la ukuta wa jirani, na kila tundu kwenye leso zilizoanikwa kambani. Hata Kukhu alisema "Aah!" Baba alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu aondoke na boksi la chanjo siku ile. Mama naye, kwa furaha, akageuza usukani ili amulike lango.

Usukani ulipofika mwisho wa kugeuka, ukaubana waya mpya kwenye shingo ya pikipiki. Taa ikazima. Moshi mwembamba ukatoka chini ya tangi, ukifuatwa na ile harufu.

"Toa betri!" Baba alipiga kelele. "Toa! Toa!" Akasimama, amesahau mguu, akaanguka chali pamoja na kiti. Kukhu alikuwa ameshanyanyua beseni la maji na Baba, akiwa chini, akimwambia asimwage, asimwage. Waya ulikuwa umeanza kung'aa mwekundu kama sigara. Mama hakutafuta kitambaa. Alipitisha mkono chini ya tangi, akaushika ule waya, akauvuta kwa nguvu hadi ukakatika kwenye betri. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa akiutazama mkono wake, plastiki nyeusi imenata kiganjani kama gamu.

Hakulia. Aliyelia ni Baba. Alilala pale kwenye udongo, plasta imechafuka, akasema, "Ningekuchoma. Mama Nekesa, ningekuchoma mtoto akiona." Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamume mzima akilia kwa sauti, na nilielewa jambo moja tu. Ni kweli. Kukhu amesema kweli. Haishibi.

Nilidhani ingekuwa mwisho. Wakati Kukhu akimpaka ute wa mshubiri, Mama alisema, kana kwamba anaagiza sukari, "Kesho fyuzi, tena karibu kabisa na betri. Na waya upite mbele ya shingo, tuuachie ulegevu."

Walifanya hivyo. Safari hii waliuvika waya mpira wa ndani wa baiskeli, na Baba alimfanya Mama ageuze usukani kushoto na kulia, kushoto na kulia, naye ameinamisha sikio kama daktari. Kisha akabandika fyuzi ya akiba kwa tepu ndani ya kifuniko cha pembeni.

Kiganja cha Mama hakikuwa kimepona vizuri habari zilipokuja kwamba ndama wanaumwa huko Moiben, na wafugaji wanangoja chanjo. Keria ilikuwa bado haijachomelewa. Boksi la barafu lilihitaji mtu wa kulishika, na mtu wa kubaki na Baba alikuwa Kukhu.

"Nekesa atakuja na mimi," Mama alisema. "Atakaa nyuma, boksi katikati yetu."

Niliganda. Katika rilei, anayepokea lazima awe karibu na anayetoa. Ndiyo maana ananichukua. Nilijifungia chooni nikakataa kutoka, hadi Kukhu aliponibeba mzimamzima, akinung'unika kwa Kibukusu maneno ya kumwomba Mungu.

Sikumbuki mengi ya kwenda. Nakumbuka nyumba kubwa zikiisha, mashamba ya ngano yakianza, na kidevu changu kikigongagonga kifuniko cha boksi. Kila trekta tuliyopita nilifumba macho. Tulifika kwa Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi, ambaye boma lake ndilo lililokuwa mahali pa kukusanyikia majirani. Kazi ilichukua muda. Mkewe alinipa kikombe cha mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, nikashindwa kukinywa, na tulipokuwa tukijitayarisha kuondoka ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ua.

"Mama, lala hapa," yule Mzee alisema. "Hii ukungu si ya kuendesha. Mtoto atapata kitanda."

Mama alitazama barabara. Simu ya nyumbani ilikuwa moja, na tulikuwa tumemwachia Baba. Kwa Mzee mtandao haukufika, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kumwambia.

"Asante, Mzee. Nisiporudi, yule mwanamume atakufa kwa mawazo."

*Tik*, ikasema chini ya tangi. Mama alitumia dim, kwa kuwa ful kwenye ukungu hukurudishia mwanga usoni. Na lazima niseme kweli, taa ile ilikuwa kitu kizuri. Ilisafisha barabara mbele yetu, ikaonyesha ukingo wa lami ulioliwa, mashimo yenye maji, kuku mmoja aliyechelewa kurudi. Kwa muda mfupi nilifungua macho yote mawili.

Halafu tukapita kwenye matuta, pikipiki ikaruka, na taa ikazimika.

Haikufifia. Ilizimika kama mtu aliyefumba macho. Hapakuwa na barabara tena, wala mikono yangu mwenyewe. Nilisikia Mama akivuta pumzi, nikasikia tairi likiacha lami na kuanza kusaga changarawe, na nikangoja kishindo. Nilikingoja kwa mwili mzima. Hakikuja. Tulisimama, pikipiki imeinama upande mmoja, mguu wa Mama chini.

Nyuma yetu, mbali, lori lilikuwa likinguruma.

"Shuka. Nekesa, shuka! Ingia kwa majani!"

Niliruka nikiwa nimelikumbatia boksi. Mama aliisukuma pikipiki kwa nguvu zote, akiguna, gurudumu la nyuma likikwama kwenye ukingo. Mwanga wa lori ulianza kuujaza ukungu, rangi ya chai ya maziwa, na ndani ya mwanga huo nilimwona Mama, mdogo kuliko nilivyomjua, akiwa bado na nusu ya pikipiki barabarani. Alisukuma tena. Ikaingia mtaroni, yeye juu yake. Lori likapita bila kupunguza, upepo wake ukaninyang'anya skafu.

Kilichofuata ni kimya, na vyura.

"Nekesa?"

"Niko."

Alitoa tochi ndogo mfukoni, akakifungua kile kifuniko cha pembeni. Mwanga wa tochi ulikuwa unacheza kila mahali, ukikataa kutulia. Akanipa niishike mimi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mikononi mwangu tochi ilitulia. Aliyekuwa akitetemeka ni yeye.

Hofu yangu yote ya majuma yale ikapanda ikanifika mdomoni.

"Mama, mimi sitaki kupokea."

"Kupokea nini?"

"Rilei. Baba alikimbia akaanguka. Akasema ni zamu yako. Sasa ukianguka itakuwa mimi. Sitaki. Na wewe sitaki uanguke."

Watu ninaowasimulia hucheka hapo, nami huwaachia wacheke. Mama hakucheka. Alikaa kwenye majani yaliyolowa, mkono wenye kovu bichi juu ya goti, na kwa muda nilifikiri amekasirika.

"Umekaa na hiyo maneno peke yako siku hizi zote?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Njoo hapa." Alinivuta hadi paji langu likagusa helmeti yake. "Rilei ni kasanduku ka waya. Baba yako hakuangushwa na pikipiki, Nekesa. Aliangushwa na giza. Hii ni chuma tu. Haijui jina la mtu."

"Lakini unatetemeka."

"Naogopa. Nimeogopa tangu tutoke nyumbani. Tena naogopa zaidi nikiwa na wewe." Akapangusa pua kwa nyuma ya mkono. "Sasa nimulikie hapa, tutoke kwa hii barabara."

Nilimulika. Waya mmoja ulikuwa umechomoka kwenye mguu wa rilei kwa ule mruko, ukagusa chuma, fyuzi ikakatika kama Baba alivyotaka ikatike. Mama aliurudisha waya, akaukaza kwa meno ya koleo, akauzungushia tepu. Akabandua fyuzi ya akiba. Ikamponyoka.

Tulipiga magoti wote wawili. Alipapasa upande wake nami wangu, majani yakitukata vidole, na gari lingine likisikika mbali, sijui linakuja au linakwenda. Mama alikuwa akisema, "Mungu wangu, Mungu wangu," bila sauti, midomo tu. Niliipata chini ya ncha ya buti lake, ndogo kama jino la mtoto. Niliiweka katika kiganja chake cha kushoto, kile kizima, na akavikunja vidole vyake juu ya vyangu kabla hajaichukua.

"Bonyeza wewe," aliniambia ilipokaa.

Sikutaka kuigusa ile pikipiki. Niliigusa. *Tik*. Mtaro mzima ukawaka, na vyura wakanyamaza.

Tuliisukuma pamoja hadi kwenye lami, tukarudi polepole sana. Sikufumba macho hata mara moja, si kwa ushujaa, bali kwa sababu niliamini nikiyafumba taa nayo itazimika. Hata leo nikiwa abiria usiku siwezi kulala, na mume wangu amechoka kuniuliza kwa nini. Tulipoingia mjini na taa za barabarani zikaanza, ndipo nilipohisi kwamba nguo zangu zimelowa, na kwamba si kwa umande peke yake.

Tulipokata kona ya mtaa wetu Mama alikuwa kwenye ful tangu tutoke kwenye ukungu, amesahau kupunguza. Mwanga ukampiga mtu aliyesimama langoni. Ilikuwa Baba. Alikuwa ametoka peke yake kwa magongo, kutoka sebuleni hadi pale, juu ya yale mawe yasiyo sawa, na Kukhu nyuma yake akiwa na koti ambalo hakukubali kuvikwa. Uso wake ulikuwa umelowa na mdomo uko wazi. Alikuwa na uso wangu. Ndio uso wa hofu niliokuwa nao chini ya meza.

"Punguza!" alipiga kelele, mkono mmoja juu ya macho. "Punguza hiyo taa, Mama Nekesa, unaniua macho!" Na sauti yake ikakatika katikati.

Mama hakupunguza. Alisimamisha pikipiki mbele yake, akaiacha taa iwake, akamtazama. Kukhu alinishusha pamoja na boksi. Hakuna aliyeuliza mbona tumechelewa. Mama alijaribu kufungua mkanda wa helmeti chini ya kidevu, akashindwa. Akajaribu tena. Vidole vyake vilikuwa vimekataa kabisa kumtii.

Baba aliegemeza magongo yote mawili ukutani, akasimama kwa mguu mmoja, akamfungulia.